Nilichokipata kwenye bodi ya futi mbili

Watalii wakinikuta barazani Oysterbay nikimalizia madoa ya chui, huniuliza nimesomea wapi uchoraji. Watanzania wenzangu hawaulizi shule, wanauliza kama inalipa. Jibu langu kwa wote ni moja: mimi nilikuwa dereva wa semi. Sehemu kubwa ya ujana wangu niliimaliza kati ya bandari ya Dar es Salaam na Lubumbashi, kwenda na makontena, kurudi na shaba, na brashi nimeanza kuishika mvi zikiwa zimeshatokeza. Wala sikuifuata sanaa. Nilikuwa nimeharibikiwa, jirani akaniona, akanipa msasa.

Wanaoijua barabara ya Zambia wanaujua mlima Kitonga. Ukitoka Iringa na mzigo unaushuka kwa gia ndogo mpaka Ruaha Mbuyuni, na breki unaigusa kwa adabu, maana ikishachemka haikusikilizi tena. Nilikuwa nimeushuka miaka na miaka. Siku hiyo breki zilichemka. Gari lilipolala, lililalia upande wa utingo wangu. Mimi nilitolewa na mkono uliovunjika na mbavu zilizopasuka. Yeye alitolewa baadaye, na sikuruhusiwa kumwona. Alikuwa kijana wa Njombe, mcheshi, mwenye tabia moja iliyokuwa ikiniudhi: kila tukipita Kitonga lazima awatupie ndizi nyani wa barabarani, hata kama ndizi zenyewe ndizo chakula chetu cha mchana.

Mkono uliunga. Kilichobaki hakikutokea kwenye eksirei. Usiku nilisikia harufu ya breki zinazoungua ndani ya chumba ambamo hapakuwa na moto wowote. Basi likiachia upepo kituoni, ile pshii, nilijikuta nimechuchumaa. Konda akigonga bati la daladala jasho linanitoka, nashuka kabla ya kituo changu. Mwisho nikawa nakwenda kila mahali kwa miguu. Watoto wakiangusha sufuria niliwafokea kwa sauti ambayo hata mimi niliiogopa. Mama watoto alivumilia, kisha usiku mmoja akaniuliza taratibu, "Baba, unagombana na nani usingizini?" Nikamwambia sigombani na mtu. Nilikuwa nakanyaga breki. Shuka upande wa miguu lilikuwa limechanika.

Tulizunguka wanakozunguka wengi. Mama yangu alinipeleka kwa mtaalamu mmoja Morogoro, akasema nyani wamenifuata. Mchungaji aliniwekea mikono. Hospitali ilikuja mwisho, na sababu ilikuwa hofu. Kwetu ukitaja hospitali ya akili watu wanawaza Mirembe ya Dodoma, na wakiwaza Mirembe wanawaza kamba na kuta. Kumbe kliniki ya afya ya akili ipo hata kwenye hospitali ya kawaida, unakaa benchi moja na wenye malaria, na hakuna anayejua umefuata nini. Daktari alisema nina kiwewe, na juu yake sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Aliniandikia dawa, akanipangia pia kuonana na muuguzi wa kliniki hiyo, mwanamama wa maswali mafupi.

"Mchana unafanya nini?"

"Nakaa, sista."

"Unakaa unafanya nini?"

Hapo nilikwama. Dawa zilikuwa zimenirudishia usingizi, wa vipande lakini usingizi. Mchana ndio uliokuwa mtihani. Dereva asiye na gari hana saa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, macho wazi, na Kitonga ikawa inajirudia kuanzia ile kona ya juu mpaka chini, kisha inaanza upya, na kila ikianza nilikuwa na matumaini ya kijinga kwamba safari hii breki zitashika.

Kulikuwa na siku ya kikundi pale kliniki. Tuligawiwa karatasi na kalamu za rangi, tukaambiwa tuchore kinachotuuma. Mama mmoja pembeni yangu alichora mlango, akalia, akasema amepata nafuu, na naamini aliipata. Mimi nilichora gari. Nikarudi nyumbani na Kitonga mbili, ya kichwani na ya kwenye karatasi, na usiku ule sikufumba jicho. Nilipomweleza sista hakubishana. Alisema basi tusianzie hapo, tutafute pengine pa kuanzia. Namshukuru kwa maneno hayo, kwa sababu angenilazimisha kurudia ile karatasi nisingekanyaga tena kliniki.

Pa kuanzia palipatikana nyumba ya tatu kutoka kwangu, Mwananyamala. Anakaa pale mzee mmoja wa Tunduru, mchoraji wa Tingatinga, ile michoro ya wanyama wa rangi kali, tangu ujana wake. Alikuwa akiniona chini ya mwembe kila akienda na kurudi kazini. Siku moja hakupita. Alisimama na furushi la bodi begani, akaniuliza, "Dereva, huo mkono wa kulia mzima?" Nikasema mzima. "Basi njoo unisugulie hizi, mgongo unanisumbua." Hakuniuliza naendeleaje. Watu wote walikuwa wameshaniuliza naendeleaje.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupiga msasa. Mzee wetu ni wa kizamani, bado anapenda hadibodi, zile za kuwekea dari, anazikata mraba wa futi mbili kwa mbili. Wenzake wengi sasa wanatumia kitambaa cha pamba kilichovutwa kwenye fremu, maana kitambaa kinakunjika kikaingia kwenye begi la mtalii. Unasugua bodi mpaka kiganja kikipita hakikwami. Unafuta vumbi. Halafu unapaka rangi ya chini, bodi nzima rangi moja, njano au nyekundu au buluu ya mbingu, rangi ya mafuta ile ile ya kupakia milango na mageti. Kisha unasubiri. Dar es Salaam yenye unyevu wake, rangi ya mafuta inaweza kukuambia njoo kesho. Ukiigusa haijakauka, ile ya juu inazama kwenye ya chini, nyeusi inakuwa tope, na bodi imekwenda.

Nilikuwa mtu niliyepoteza uwezo wa kungoja chochote. Foleni ya dukani ilinitoa jasho. Lakini bodi haina wa kugombana naye. Nilikuwa naamka asubuhi na sababu ya kuamka: kwenda kuona kama imekauka. Wasiowahi kuugua hivi wataona hii ni sababu ndogo sana. Aliyewahi kulala akitazama ukuta hadi saa sita mchana ananielewa.

Baada ya msasa na rangi ya chini, mzee alinipa madoa. Yeye alichora chui kwa mstari mmoja mrefu wa kujiamini, akajaza mwili wote kwa rangi, akaniachia niweke madoa. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wanaposema sanaa inatibu huwa wanaongea kwa jumla, na mimi nililiona linatokea mbele ya macho yangu, doa kwa doa.

Doa la chui wa Tingatinga si nukta tu. Ni kipete kidogo, kimeachwa wazi katikati, na kila kimoja kinapaswa kumwachia jirani yake nafasi. Ukiweka kikubwa hapa, pale patabana. Kwa hiyo kabla brashi haijagusa lazima uamue, na ukishaamua mkono lazima utulie, na rangi kwenye brashi isiwe nyingi ikachuruzika. Kisha unaanza upya na kinachofuata. Ile picha ya Kitonga ilikuja kama kawaida yake, ila ilinikuta nina kazi. Sikuifukuza. Nilikuwa nimejaribu sana kuifukuza chini ya mwembe na inapenda kufukuzwa. Ilikuja, ikasubiri zamu yake, mimi nikawa na doa la begani ambalo halijakaa sawa, na nilipoinua kichwa jua lilikuwa limehama. Ilirudi jioni. Kesho yake ilirudi tena. Lakini kwa mara ya kwanza tangu ajali nilikuwa nimepata kipande cha mchana ambacho sikukaa nacho Kitonga, na nilijua kwamba kipande kile kinaweza kupatikana tena.

Nilipomsimulia sista alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alisema kiwewe kinataka macho na mikono visivyo na shughuli ili kicheze picha zake, na kazi yangu mpya ilikuwa imevichukua vyote viwili. Akaniambia jambo hili si geni hata hapa kwetu. Hospitali ya Lutindi, huko milima ya Usambara, kwa muda mrefu imekuwa ikiwapa wagonjwa wa akili kazi za shamba na za mikono kama sehemu ya tiba. Binti yangu, anayeamini kitu mpaka akione kwenye simu, akatafuta zaidi. Akanisomea habari za Mwingereza mmoja mchoraji, Adrian Hill, aliyelazwa kwa kifua kikuu mwaka 1938. Alichora akiwa kitandani, akawafundisha wagonjwa wenzake, na baadaye askari waliorudi vitani na majeraha, na mwaka 1942 ndiye aliyeipa kazi hiyo jina la tiba kwa sanaa. Nilimpenda mara moja kwa sababu alianza kama mimi, akiwa amelala na hana pa kwenda.

Akanisomea pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, wa mwaka 2016. Watu wazima 39 walikaa dakika 45 wakichora, wakifinyanga udongo au wakibandika vipande vya picha, wakapimwa mate kabla na baada. Karibu robo tatu yao kortisoli, ile homoni ya msongo, ilikuwa imeshuka. Nilichokishika ni kwamba aliyekuwa na uzoefu wa sanaa na asiyekuwa nao hawakutofautiana sana. Hao walikuwa watu wazima wa afya, si wagonjwa wa kiwewe, kwa hiyo sitaki mtu achukue namba hizo akazifanya dawa. Lakini lile la kutohitaji kipaji nililijua tayari. Chui zangu za mwanzo zilikuwa na sura ya mbuzi aliyemwagiwa uji.

Sasa niseme jambo ambalo huwa linaleta ubishi nikilisema mbele ya wasomi wa sanaa. Kilichonisaidia kilikuwa kunakili.

Tingatinga inasemwa vibaya kwa sababu hiyo. Wanasema ni sanaa ya watalii, kwamba twiga wa kibanda hiki ni pacha wa twiga wa kibanda kile, kwamba hakuna moyo wa msanii ndani yake. Na wanaozungumzia tiba wanasema kinyume chake kwa maneno yanayofanana: sanaa inaponya kwa sababu unatoa yaliyo moyoni, unajieleza, unakuwa huru. Mimi sikutaka kuwa huru. Karatasi nyeupe na uhuru wangu vilinipeleka moja kwa moja Kitonga. Nilichohitaji ni mtu aniambie: hii ni tausi, anaanzia hapa, mkia wake una rangi hizi, fanya. Kwenye tausi wa mtu mwingine hapakuwa na mimi, na kutokuwepo kwangu kwa saa chache ndiyo likizo niliyokuwa naihitaji.

Na mtindo wenyewe ulinihifadhi. Ukiitazama Tingatinga ya zamani, hakuna kivuli. Hakuna umbali. Hakuna barabara inayopotelea mlimani. Kuna mnyama mmoja amejaa bodi nzima, na nyuma yake rangi tupu. Hakuna pa kuanguka.

Mzee wetu alinisimulia kuhusu Edward Saidi Tingatinga mwenyewe wakati tukisubiri rangi zikauke, na nyakati za kusubiri zilikuwa nyingi. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya vibarua vya kila aina. Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora, kwa bodi za dari na rangi za baiskeli, akiziuza nje ya duka la Morogoro Stores pale Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walilifyatulia risasi gari alimokuwamo, wakidhani ni la wezi, na akafa. Miaka minne tu ya kazi. Wanafunzi wake walikuwa vijana, wengi ni jamaa zake kutoka Kusini, na hawakuacha kuchora. Mwaka 1990 wakawa na ushirika wao rasmi hapo hapo. Nilimuuliza mzee hao vijana walifundishwa vipi, kuna daftari, kuna masomo? Akacheka. "Unakaa pembeni ya mjomba wako. Basi."

Kukaa pembeni ndiko nusu nyingine ya dawa. Pale barazani tunakaa kwenye mikeka, kila mtu na bodi yake mapajani, redio inaongea, mtu anasimulia mechi ya Simba na Yanga, mwingine anaomba kuazimwa nyeupe. Saa nzima inaweza kupita hakuna aliyekutazama usoni. Kwa mwanamume aliyelelewa akiambiwa mwanaume halii, kutazamwa usoni na kuulizwa unajisikiaje ni mtihani. Kukaa bega kwa bega, macho yote kwenye kazi, maneno yanatoka yenyewe. Siku moja nikasema, bila kuulizwa, "Alikuwa anapenda ndizi mbivu sana yule." Jamaa wa kulia kwangu akasema, "Marehemu kaka yangu naye hivyo hivyo," akaendelea kupaka kasuku wake. Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu anayechora kasuku wa kijani na njano kila siku alikuwa na msiba wake. Mtalii akiona kasuku yule anasema Waafrika wana furaha. Furaha ya jamaa yangu siku ile ilikuwa kwenye kopo la rangi, na alikuwa anaichota kidogo kidogo.

Msinielewe kwamba nilitupa dawa nikashika brashi. Vidonge niliendelea navyo mpaka daktari alipoanza kunipunguzia, na kliniki naenda hadi leo, japo kwa nadra. Nimeona vijana wakiambiwa na wenye nia njema kwamba wachore tu au waimbe tu yataisha, na hali zao zikawa mbaya. Mtu anayesikia sauti, au anayewaza kujitoa uhai, apelekwe hospitali leo, habari ya brashi itafuata.

Wala si lazima iwe rangi. Mama watoto aliyabeba yale yote pamoja nami, na kwa njia fulani aliyabeba mazito zaidi kwa sababu hakuna aliyempeleka yeye kliniki. Brashi hakuigusa hata kwa utani. Anasema rangi zetu zinanuka. Yeye aliponea kwenye kwaya. Mazoezi ya jioni, sauti ya pili, kitenge cha sare. Nilimuuliza ni mapambio yapi yaliyomsaidia, akaniambia wala si mapambio, ni kule kushusha pumzi kwa pamoja na watu wengine, kwa sababu nyumbani alikuwa anapumua kwa kujiiba asije akanistua. Sikulijua hilo mpaka aliposema.

Kuhusu harufu ana haki. Rangi za mafuta na tina zinaumiza kichwa na kifua, na anayetaka kujaribu asikae chumbani amefunga dirisha. Mwenye pumu achukue rangi za maji au udongo. Sisi tunakaa nje, upepo wa bahari unatusaidia.

Kisha picha zikaanza kununuliwa, na nilifikiri hapo ndipo nimepona kabisa. Dalali mmoja alitaka mzigo mkubwa wa twiga, wote ukubwa mmoja, wote machweo ya jua, kwa tarehe yake. Nikaanza kuchora usiku. Rangi haikauki, tarehe inakuja, simu inaita. Usingizi ukakatika na ile harufu ikarudi chumbani, harufu ya breki, wala si ya rangi. Twiga walikuwa wale wale na brashi ile ile. Nilijiuliza sana kwa nini, na nadhani ni kwamba mkono ulikuwa kwenye bodi ila akili ilikuwa kwenye tarehe, inakimbia mteremko. Ule mzigo tuligawana wachoraji kadhaa ukaisha. Tangu hapo nina bodi za kuuza na nina bodi moja ambayo haiuzwi, haina tarehe, na ikiharibika naipiga msasa naanza tena. Wenzangu wananicheka, kwa sababu bodi ni fedha.

Gari nililichora hatimaye, miaka kadhaa baada ya ile karatasi ya kliniki. Alikuja mteja mwenye malori yake, akataka picha ya lori likipanda Kitonga aitundike ofisini. Nilimwambia mzee ampe mtu mwingine. Mzee akanitazama, akasema, "Anza na nyani."

Nikaanza na nyani. Nilimweka mmoja ukingoni mwa barabara amekaa, mwingine amebeba mtoto mgongoni, mwingine amenyoosha mkono. Nilipofika kwenye ule mkono ulionyooshwa ikanibidi niamue unapokea nini, na nikachora ndizi. Machozi yalitoka hapo, mengi, hata sikujaribu kuyaficha. Barazani hakuna aliyeacha kazi yake. Mzee peke yake ndiye aliyesema, bila kugeuka, "Jifute, utaidondoshea rangi." Nikajifuta. Nikaongeza nyani mwingine, na mwingine, mpaka bodi ikajaa nyani, na lori nililiweka juu kabisa kwenye kona, dogo, buluu, linapanda. Sista nilikuwa nimemwambia mapema kwamba nimepewa kazi hiyo, na tulikuwa tumekubaliana nikizidiwa naacha. Sikuzidiwa. Nililala usiku ule. Nafikiri ile picha ya kliniki na hii zilikuwa na jambo moja ndani yake, ila mara hii nilikuwa na mkono uliofundishwa cha kufanya, na watu pembeni yangu.

Mwenye malori aliikataa. Alisema ametaka lori, hakutaka mbuga ya wanyama. Nikamchorea nyingine ya lori kubwa katikati, akalipa, na ile ya nyani nikabaki nayo.

Nikaamua kuipeleka Njombe, kwa mama yake kijana. Nilikuwa nimempigia simu mara chache na kumtumia kidogo nilichopata, lakini uso kwa uso hatukuwahi kuonana tangu ajali, maana wakati wa mazishi mimi nilikuwa wodini. Nilipanda basi la asubuhi. Tulipofika Kitonga nilifumba macho nikaanza kuweka madoa kichwani, chui mzima kuanzia mkiani, na nilikuwa nimefika mabegani abiria wa pembeni aliponigusa kunionyesha nyani. Niliwatazama. Baadhi yao walikuwa wanene.

Mama alinipokea kwa "kamwene" na bakuli la njegere, hakunihoji chochote hadi nimalize kula. Nikafungua gazeti nililofungia bodi. Aliitazama muda mrefu. Alimtambua mwanawe kwenye ile ndizi, nilimwona alivyomtambua. Kisha akaipindua ikaegemea ukuta, akasema, "Mwanangu, asante. Lakini mimi gari sitaki ndani mwangu. Nichoree kuku."

Nilirudi Dar nikamchorea kuku. Jogoo mwekundu amejaa bodi nzima, rangi ya chini ya njano, na mtetea mdogo chini yake. Nilimtumia kwa basi. Alinipigia simu jioni ile ile akasema jogoo wa Njombe mkia wake ni mrefu kuliko ule, na akauliza kama huyo mtetea ana vifaranga au la, maana kama anavyo sikuviweka, na kama hana basi ameliwa na mwewe na picha si nzuri kwa mgeni. Nikamwambia airudishe, nitaviongeza. Akasema hairudishi, niende na rangi zangu mwenyewe. Na dada yake wa Makambako ameiona, anataka ng'ombe.